Chupa ya Mafuta Iliyosikia Baridi

Waliokuwako ni hawa, nawataja kwanza tusije tukapotezana njiani. Mimi, Mwanaisha binti Athumani, wa Shela, Malindi. Binti yangu kitinda mimba, Fatuma. Mumewe Fatuma, Juma, mwana wa Gongoni, fundi wa pampu za visima, ambaye kazi ilimpeleka Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, huko kaskazini ambako mimi nilidhani nchi imekwisha. Jirani yao Talaso, Mgabra, mama wa watoto watano. Nduguye Talaso, Galgalo, dereva wa lori la bidhaa za maduka. Na mjukuu wangu, ambaye wakati huo hakuwa na jina bado, tukimwita Mgeni. Basi. Wengine ni wa njiani, nao nitawataja tukifika kwao.

Nyinyi mashoga zangu tunaosuka ukili pamoja barazani kwa Bi Rukia, mmeniuliza mara nyingi. Mwanaisha, ulikwenda kumkanda mzazi, umerudi kila alfajiri waitazama chupa ya mafuta ya nazi kama mtu angojeaye jibu. Kuna nini? Nami kila nikianza kueleza, Bi Mishi hunikata kwa maswali, hata yale niliyotaka kusema yakanitoka. Sasa nimeandika, na karatasi haikatizwi. Hati yangu ni ya darasa la watu wazima, mtanivumilia.

Malindi mpaka kivukoni Kilifi

Nilitoka mwezi wa saba, kipupwe, asubuhi ya manyunyu. Kwa hesabu yetu Fatuma alikuwa amebakisha mwezi na kitu ajifungue, nami nilitaka nimtangulie mtoto. Nilikuwa na sanduku moja la bati. Ndani, ng'onda wa kutosha, nazi kumi na mbili, leso, udi kidogo, na chupa tatu za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe kwa siku mbili, nikatia mrihani. Mnajua mafuta yangu. Chupa nilizizungushia leso mbilimbili, sanduku nikalifunga kamba ya katani mafundo manne, nikajiapiza kwamba sitalifungua mpaka nifike.

Kivukoni Kilifi tulikaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri kwa sababu ya ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kigiriama aitwaye Tsuma, akimpeleka ng'ombe Mnarani kwa mahari ya mwanawe. Ng'ombe akafika kwenye ule ubao wa kupandia, akayatazama maji, akakaa kitako. Watu wakasukuma, wakavuta mkia. Mwanamke mwuza korosho, Kadzo, akamwambia, "Mzee Tsuma, huyu hataki kuolewa ng'ambo!" Watu wakacheka hata mabaharia wakaacha kamba. Mwishowe Tsuma akavua shati lake akamfunga ng'ombe macho, ng'ombe akaingia kimya kama bibi harusi.

Mimi nilikaa juu ya sanduku nikila korosho za Kadzo, nikiyatazama maji ya mkono wa bahari. Kijani, mazito. Hewa ilinilowanisha shingo. Nasema hili kwa sababu sikujua siku ile kwamba hewa ya kwetu ni nguo. Nilikuwa nimeivaa tangu nizaliwe, na mtu haioni nguo aliyozaliwa nayo.

Garimoshi, na baridi ya bara

Mombasa nililala kwa kaka yangu Bakari. Toka hapo garimoshi mpaka Nairobi, nimekaa dirishani, nchi ikinipita kama ndoto ya mtu mwingine. Nairobi sitaisimulia. Niliiona kupitia tundu la leso niliyojitandia kichwani kwa baridi. Bakari alikuwa amenipa blanketi la kijivu na sweta la mkewe Salma, la rangi ya bilingani, nayo yalinisetiri.

Baridi ile haikunishangaza. Tangu utoto tumeambiwa bara ni baridi, kuna milima, mawingu, miti. Nikajiwekea kanuni kichwani mwangu: palipo kijani na ukungu pana baridi, palipo mchanga na jua pana joto. Kanuni nzuri. Ndiyo iliyotaka kuniulia mjukuu.

Isiolo mpaka Marsabit

Isiolo lami ilikwisha, na hapo Galgalo alinipokea. Juma alikuwa amemwagiza. Kijana mrefu, mkimya, kofia ya kufuma. Akanyanyua sanduku langu, akalishusha upesi.

"Shikamoo mama. Umebeba maiti?"

"Marahaba. Ni ng'onda. Samaki mkavu."

"Hiyo inaliwa?"

"Inaliwa na wenye akili."

Akalifunga juu kabisa ya magunia ya sukari, mbali na pua yake, akaniweka mbele karibu naye. Njia nzima, kila tukisimama, alizunguka lori upande ule upepo unakotoka. Watu wake hawali samaki, sikujua. Mimi nilifikiri kijana ana adabu, ananiachia kivuli.

Alinieleza kwamba dada yake Talaso ni jirani wa Fatuma, ukuta kwa ukuta, isipokuwa Talaso hana ukuta, ana hema la mikeka na ngozi. "Dada yangu akimpenda mtu," akasema, "anamwita mjinga. Akimwita bibi, ujue amekasirika."

Marsabit tulifika asubuhi. Mlima wenye msitu, ukungu umelala barabarani, kuku wamejikunyata. Galgalo akaenda kushusha mzigo, na mimi nikaketi karibu na bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akitetemeka kizingitini mwa duka, kitambaa kimoja mabegani. Nikamuuliza Galgalo, huko mbele vipi?

"Huko mbele ni moto, mama. Kalacha utaikumbuka Malindi kama barafu."

Basi nikavua sweta la Salma nikamvisha yule bibi, na blanketi la Bakari nikamfunika. Akanishika mkono akaubusu. Nikapanda lori nimejaa furaha. Sikumuuliza jina. Katika safari nzima ndilo jina moja nisilolijua, nalo huniuma.

Chalbi

Tuliposhuka mlima dunia ilipauka. Miti ikawa vichaka, vichaka vikawa mawe meusi, mawe yakaisha. Nilisinzia. Nilipofumbua macho, mashoga zangu, mbele yetu palikuwa na bahari.

Siwafanyii mzaha. Bahari tulivu, ya bamvua, imejaa, ina mwanga juu yake, na ng'ambo visiwa vinaelea havijagusa maji.

"Galgalo! Mbona hamkuniambia mna bahari?"

Hakucheka. Akasema, "Hiyo, mama, hata ngamia haiamini."

Tukaifuata, nayo ikarudi nyuma. Tukaikaribia, ikafunguka katikati ikatuachia njia. Badala ya maji kukawa na ardhi nyeupe, imepasuka vipandevipande, yang'aa. Nikamwomba asimame. Nikashuka, nikainama, nikaonja. Chumvi.

Hapo nilisimama kitambo nisichokijua. Mnakumbuka kwamba marehemu mume wangu Saidi alifanya kazi ya chumvi Gongoni, na mimi nilikaa naye kule miaka sita. Alikuwa akirudi jioni nyayo zimebabuka, chumvi imemkauka nyusini. Sasa nimekuja mwisho wa dunia, nimekuta shamba la Saidi, halina mtu, halina chepe, limelala wazi chini ya jua. Nilihisi nikigeuka nitamwona amekaa kwenye ukingo ananingoja na birika la chai. Sikugeuka. Jua lilipita viatu likanichoma unyayo, nikapanda.

Kalacha, mchana

Nyumba ya Juma ilikuwa ya mabati, sakafu ya saruji, moja kati ya nne za wafanyakazi. Juma mwenyewe alikuwa kisimani, mbali, atarudi magharibi. Niliingia nikipiga hodi kwa furaha. Fatuma amelala kitandani, tumbo limeshuka. Mtoto alikuwa amekwisha kuja, siku tisa zilizopita, kabla ya wakati wake, Galgalo akiwa ameshaondoka na lori asijue.

Kwenye mkeka amekaa mwanamke mwembamba, shanga shingoni, amejifunika nguo nzito. Ndani ya nguo ile, juu ya kifua chake, chini ya kipande cha ngozi ya kondoo, ndimo alimokuwa mjukuu wangu. Amepakwa mafuta ya mkia wa kondoo mwili mzima. Kisigino chake kama kokwa ya korosho. Nje jua lapasua mawe, ndani ya bati pumzi haipiti.

"Mnamchoma mwanangu!" nikasema.

"Mama," Fatuma akasema, sauti ndogo, "muuguzi wa zahanati ametuambia neno moja tu. Asipoe. Akipoa hatanyonya, asiponyonya..." Hakumaliza.

"Apoe? Hapa? Kiti chenyewe chatoka jasho!"

Nikamtoa mtoto kifuani mwa yule mwanamke. Nikamwosha yale mafuta ya kondoo. Nikafungua mafundo yangu manne, nikatoa chupa ya kwanza. Mafuta safi kama maji ya kisima, mrihani ukanukia chumba kizima, Fatuma akafumba macho akatabasamu kama yuko kwetu. Nikampaka Mgeni, nikamvika leso moja nyepesi, nikafungua madirisha yote mawili. Chupa nikaisimamisha dirishani.

Yule mwanamke, ndiye Talaso, alinitazama tu. Kiswahili alikijua, cha Marsabit, cha kuhesabu maneno.

"Jua likienda, mimi nakuja."

"Usijisumbue," nikasema. "Nyanya yake amefika."

"Sawa, bibi," akasema, akatoka.

Nililisikia lile neno, nikakumbuka maneno ya Galgalo, nikayapuuza.

Kalacha, usiku

Jua la kule halishuki, huondoka. Kwetu likizama joto hubaki uani likipiga soga na watu mpaka usiku wa manane. Kule Juma aliporudi tukala, tukaongea habari za Gongoni, nami nikawa najipepea bado. Talaso alikuja mlangoni. Nikamwambia tuko salama, arudi kwake akalale. Akamtazama Fatuma juu ya bega langu. Fatuma akainamisha uso. Angesema nini, binti, mbele ya mamake?

Nililala chini karibu na kitanda. Niliota niko Gongoni, maji ya chumvi yananipanda magotini, yana ubaridi mtamu. Nikaamka, ubaridi ni wa kweli. Mabati yalikuwa yanagonga, ta, ta, yakijikunja. Dirishani nyota zimejaa, karibu mno, kavu, hakuna kitu baina yangu na zile. Upepo waingia. Nikanyoosha mkono kwa Mgeni, nikaugusa mguu wake.

Mguu kama samaki aliyelala kwenye mchanga wa alfajiri.

Nikarukia chupa nimsugue. Nikaiinamisha, hakikutoka kitu. Nikaipiga kitako. Juma akawasha taa ya chemni, na hapo nikaona. Mafuta yangu hayako. Ndani ya chupa pana kitu kigumu, cheupe, kama shahamu.

Mtasema, Mwanaisha, hujui kwamba mafuta ya nazi huganda? Najua kwamba kipupwe hutia ukungu chini ya chupa, jua likitoka yakaachia. Lakini hayajapata kuwa jiwe mbele yangu, tena katika nchi ambayo mchana ilinibabua miguu! Kanuni yangu ilikuwa imekaa kichwani. Hapa ni mahali pa moto. Basi kilichoganda si changu.

"Ametubadilishia!" nikapaza sauti. "Yule mwanamke. Amechukua yangu akatutilia mafuta ya kondoo. Alikuja jioni kufanya nini? Mwizi!"

"Mama, hakuingia," Juma akasema.

"Dirisha liko wazi!"

"Mama." Huyu ni Fatuma. Amemweka mtoto titini. "Mama, hanyonyi. Mdomo wake umekuwa baridi."

Juma akasema, "Tumpeleke kwa Talaso."

"Kwa mwizi?"

Fatuma alijaribu kuinuka, akaanguka tena kitandani. Nikamwona mwanangu anamfungua Mgeni kinywa kwa kidole, kinywa chafumba polepole, na sauti yake ile ndogo ya paka haikutoka. Basi nilimchukua mimi. Na chupa sijui kwa nini nilikuwa nayo bado mkononi.

Toka mlango wa Fatuma mpaka hema la Talaso ni hatua ishirini na mbili, nimezihesabu baadaye. Usiku ule zilikuwa ndefu kuliko njia ya kutoka Isiolo. Mchanga ulionichoma mchana ulikuwa baridi kama sakafu ya msikiti. Na kati ya bati na ngozi hakuna siri. Kila neno langu lilikuwa limetangulia kufika.

"Talaso," nikaita. "Hodi, mwanangu."

Kisha sauti yake, kavu:

"Mwizi amelala. Nani anabisha?"

Nilimwomba radhi. Ndivyo ninavyokumbuka. Ngozi ya mlangoni ikainuka, mkono ukatoka, ukamchukua Mgeni, na mkono wa pili ukanivuta mimi. Hema lile ni la chini, lazima uingie umeinama. Limefunikwa mikeka na ngozi tabaka juu ya tabaka, makaa ya moto yamelala katikati, watoto watano wamepangana kama ng'onda kwenye ungo. Joto la ndani lilinipiga usoni, la moshi na maziwa. Talaso akafungua nguo, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunika. Kisha akaiona chupa. Akanipokonya, akaitazama kwenye mwanga wa makaa, na mabega yake yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaitia kwapani, upande wa pili wa mtoto.

"Kaa," akasema. "Mjinga."

Nikakaa. Sikulala, wala sikuwa macho. Nilisikia ngamia wakitafuna, nikasikia bahari ambayo haiko. Mara moja Talaso alichukua mkono wangu, akaufukia kwenye mchanga wa sakafu, kina cha kiwiko. Chini kulikuwa na uvuguvugu kidogo, kama mahali mtu alipoamka sasa hivi. Akasema, "Juu amesahau. Chini anakumbuka kidogo."

Kabla ya mapambazuko Mgeni alitoa sauti, ile ya paka, kwa hasira. Juma akaja mbio akamchukua mkewe begani kama gunia akamleta, na mtoto akanyonya. Alinyonya, mashoga zangu, hata tukasikia.

Ndipo Talaso akaitoa chupa kwapani, akanipa. Mafuta yalikuwa maji, safi, yanacheza, na jani moja la mrihani likielea.

"Yalisikia baridi tu," akasema.

Siku arobaini, na kurudi

Juma alinieleza baadaye, akiwa na chungu cha wali mbele yake. Alisema mchanga hulipokea jua juujuu tu, halishuki ndani, kwa hiyo huwaka upesi na huzimika upesi. Bahari ni kinyume chake, hupokea polepole ndani sana, na usiku hutugawia. Tena kwetu hewa imejaa maji, na mawingu, hushika joto lisiende juu. Kule hewa ni kavu, mbingu wazi, joto lote hurudi lilikotoka.

Nikamwambia, "Kumbe jangwa ni chungu kisicho na kawa."

Akaacha kula. "Mama, ndivyo hasa."

Nyinyi wasusi mnajua. Chakula ni kilekile, moto uliokipika ni uleule, lakini nyanyua kawa, kifuniko chetu cha ukili, uone kinavyopoa. Nimesuka makawa maisha yangu yote nisijue kwamba Malindi nzima imefunikwa kawa moja.

Nilikaa arobaini yote. Mchana Mgeni alikuwa wangu, namkanda mamake, nampaka yeye mafuta. Jua likienda Talaso alikuja, naye nilikuwa nimekwisha kumwekea mkeka. Alinifundisha kunywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, siku ya kwanza yakanishinda, ya kumi nikayadai. Ng'onda wangu hakumgusa. Mwanawe mdogo, Darmi, alionja akatapika, tukacheka mpaka Fatuma akashika tumbo. Chupa moja nilimwachia Talaso. Huiweka nje kila usiku makusudi, Fatuma aniandikia, na asubuhi huwaonyesha wageni: tazameni, huyu ni bibi wa Malindi, usiku jiwe, mchana maji.

Kurudi nilipita Marsabit, nikamtafuta yule bibi mkongwe kizingitini. Hakuwapo, na mwenye duka hakunielewa. Kivukoni Kilifi Kadzo alinikumbuka, akaniambia ng'ombe wa Tsuma alikubalika Mnarani. Hewa ikanivaa shingoni, nzito, yenye maji. Nikasimama pale nikaivuta kama mtu aliyerudishiwa nguo yake.

Mgeni sasa ana jina, Athumani, na meno mawili.

Basi hiyo chupa ninayoitazama alfajiri ni ya tatu, sijaifungua. Haigandi. Hutia ukungu kidogo chini, basi.

Nimeandika kwa kadiri ya kumbukumbu yangu, na nimeacha mstari mmoja mtupu chini ya kila ukurasa kwa yeyote atakayeona nimekosea jina au njia. Galgalo akipita na anirekebishe habari za barabara. Lakini kuna mahali pamoja napaogopa. Nimesema kwamba mlangoni kwa Talaso nilimwomba radhi. Juma anasema alinisikia nikitamka neno moja tu, "Mchukue." Fatuma, wewe ulikuwa macho, na bati halifichi kitu. Kama sikulisema lile neno la radhi, niandikie upesi. Sanduku bado lina kamba yake, nami nitarudi kulisema.